Wanaume Kulia, Wanawake Kushoto

Jambo hili sipendi kulisimulia, na kama si huyu Patrisi kuanza kucheka kabla hata sijakaa vizuri, leo pia ningelinyamazia. Lakini nikimwachia yeye atatia chumvi mpaka mseme nilikuwa uchi wa mnyama, na mimi nilikuwa na shati, tena shati la mikono mirefu. Kwa hiyo nisikilizeni mimi mwenye aibu yangu, na mtakaocheka chekeni polepole, maana mke wangu yuko jikoni na kisa hiki anakijua kuliko mimi.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Mimi kijana, karani wa mizigo hapo stesheni ya Tabora, nywele nimezichana njia pembeni, suruali ya kaki inapigwa pasi kila jioni hata kama kesho siendi popote. Skolastika nilimwona kwenye kwaya ya kanisani, yeye sauti ya kwanza, mimi besi (besi ya kujilazimisha, lakini tuyaache hayo), na baada ya mwaka mzima wa kuangaliana juu ya vitabu vya nyimbo nikawaambia wazee nyumbani, wakamtuma mshenga, posa ikapelekwa. Baba yake akaipokea vizuri tu, akasema, "Tumesikia, tutawajibu." Basi. Mvua zikaanza, mahindi yakaota, yakabeba, tukala mabichi ya kuchoma, jibu hakuna. Nikawa mtu wa kushtuka. Mshenga akipita stesheni kununua tiketi ya Bukene kwa shughuli zake mwenyewe, mimi moyo unapiga kama treni inayopanda mlima, nadhani ameleta neno, kumbe anauliza tu kama behewa la daraja la tatu limejaa.

Sasa hapo kazini palikuwa na Mzungu mmoja, mkubwa wangu, ambaye kila Jumapili alikuwa akienda na mkewe na mbwa wao kwenye bwawa moja lililo ndani ya msitu wa miyombo, magharibi ya mji, karibu na njia ile ya zamani waliyopita babu zetu na mizigo kwenda Ujiji. Kazi yao huko ilikuwa kutembea. Wanalizunguka bwawa, wanarudi kwenye motokaa yao, wanakwenda nyumbani. Siku moja walinichukua niwabebee kikapu, nikaiona hiyo njia inavyozunguka, kivuli chote, ndege, maji yanametameta kati ya miti, na nikasema moyoni kwamba huu ndio ustaarabu.

Kwa hiyo kwaya ilipokaa kikao cha nini tufanye Jumatatu ya Pasaka, nikasimama (hakuna aliyeniambia nisimame) nikasema twende tukalizunguke bwawa.

Mwalimu Gaudensi, mwalimu wetu wa kwaya, mtu mnene mwenye heshima zake, akaniuliza, "Tunalizunguka kwenda wapi?"

"Tunarudi pale pale tulipoanzia, Mwalimu."

"Kwani pale tutakuwa tumesahau nini?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja wa besi akasema babu yake alitembea toka hapa mpaka pwani na pembe ya ndovu begani, lakini babu yake alikuwa anakwenda mahali. Ningekaa chini hapo mambo yangeisha. Lakini wasichana wakasema ni wazo zuri, na Skolastika akaniangalia, akatabasamu kidogo, basi mimi nikaendelea kusema mpaka nikajikuta nimekuwa mkuu wa safari.

Jamani, kupanga matembezi ni kazi. Wazungu wanakufanya uone rahisi kwa sababu wao ni wawili na mbwa. Mimi nina kwaya nzima. Nani abebe debe la maji, nani abebe sufuria ya wali na kuku, matobolwa, vile viazi vyetu vya kukausha, yatatosha au hayatatosha, ngoma ije au ibaki, na nyoka je, na mvua je, na mtu akichoka katikati atabebwa na nani. Nilipanda baiskeli nikaenda kuikagua njia yote mwenyewe. Ilikuwa mvua zimekatika kidogo, na pale kwa mbali, upande wa pili wa bwawa, ambapo kuna kijito kinachoingiza maji, niliyakuta maji hayafiki hata vifundoni, nikavuka na baiskeli mkononi huku napiga mluzi. Nikarudi nikaripoti kwamba njia ni salama. Wiki iliyofuata mvua ikanyesha kama inalipiza kisasi, na mimi huyu huyu mwenye kuogopa kila kitu sikurudi kukiangalia kile kijito.

Sikurudi kwa sababu nilikuwa na hofu nyingine kubwa zaidi. Ijumaa Kuu, baada ya ibada, Mwalimu Gaudensi akatangaza kwamba mama wa kwaya watafuatana nasi, wabebe chakula na wawaangalie mabinti, akawataja mmoja mmoja, na katikati ya majina nikasikia Mama Skolastika.

Nyie vijana wa siku hizi mnakaa sebuleni na mama mkwe mnakunywa chai. Kwetu sivyo. Kwetu mwanamume hakutani na mkwe wake njiani. Ukimwona kwa mbali anakuja, unatoka njiani, unaingia porini, unageuza uso mpaka apite. Humwangalii akila, naye hakuangalii. Hamsemeshani uso kwa uso, na kama kuna neno la lazima, unakiambia kitu chochote kilicho karibu, mti, kinu, mbuzi, yeye anasikia, halafu naye anakijibu kile kile kitu. Ndiyo heshima yetu, na mtu asiyeishika anaonekana hakulelewa.

Sasa angalieni nilivyobanwa. Mimi bado si mkwe. Posa haijajibiwa. Nikianza kumkwepa huyu mama mbele za watu, nitakuwa nimejitangaza, na baba yake Skolastika atauliza huyo karani nani amemwita mkwe. Nisipomkwepa, nikatembea nyuma yake njia nzima namwona mpaka anavyotafuna matobolwa, halafu kesho posa ikakubaliwa, kila mtu atakumbuka kwamba siku ile kijana alimfuata mama mkwe kama anafuata ng'ombe. Kusema naumwa nibaki nyumbani siwezi, mkuu wa safari ni mimi. Kumwomba mtu ushauri siwezi, maana hata ushauri wenyewe ni kujitangaza. Nikakosa usingizi, nikakosa hamu ya kula, kazini nikabandika karatasi ya Kaliua kwenye mzigo wa Tura.

Jumatatu asubuhi, tumekusanyika pale njia inapoanzia, ndipo akili ikanijia, nikaiona nzuri sana. Nikapiga makofi, nikasema, "Jamani, ili kila kundi lipate nafasi ya kuimba, wanaume tutashika kulia, wanawake watashika kushoto. Chakula tutakula hapa hapa tukishamaliza."

Mwalimu Gaudensi akafurahi. "Vizuri sana, Melkiori. Sauti zitakuwa zinajibizana juu ya maji."

Mama wakajitwika vyombo, hawakutaka kuviacha kwa sababu ya nyani. Nikaibia jicho kidogo upande wao, nikamwona Mama Skolastika amejifunika khanga mpaka usoni, amenigeuzia mgongo kabisa, anauangalia mti kama haujawahi kuonekana mti duniani. Roho ikanidondoka. Ama ananiheshimu, nikasema, ama hataki hata kuniona, na mgongo ni mgongo tu, hausemi ni kwa sababu gani. Nikachagua lililo baya, kama kawaida yangu, nikajua nimekataliwa. Lakini angalau njia zetu mbali mbali.

Tukaenda. Mimi mbele, besi na sauti ya tatu nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa Kuu nikapumua. Uyoga umejaa chini ya miti, mizinga ya nyuki inaning'inia juu, upande wa pili wa maji tunawasikia wanawake wanaimba ubeti, sisi tunawajibu, Mwalimu Gaudensi anapunga mkono hewani kama yuko kanisani. Nilianza hata kujisifu.

Ndipo huyu Patrisi (mwangalieni anavyojifanya hasikii) akaja mpaka ubavuni kwangu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Melki, hebu niulize. Wao wanazunguka hivi, sisi tunazunguka hivi. Si ni bwawa moja?"

"Ni moja."

"Basi tutakutana nao uso kwa uso."

Nilisimama. Walioko nyuma wakanigonga. Nawaambieni ukweli, nilikuwa nimekaa shule, najua hesabu za mizigo ya behewa zima, na jambo hilo halikuwa limenipitia kichwani hata kidogo. Nilikuwa nimepanga mwenyewe, kwa mdomo wangu, kumpeleka mama mkwe anikute katikati ya njia nyembamba, maji upande mmoja, miiba upande mwingine. Na zile nyimbo zilikuwa zinasikika karibu zaidi kuliko mwanzo.

Nikasema turudi. Mwalimu Gaudensi akauliza turudi kwa sababu gani, wakati tunakaribia nusu, wanawake watatuonaje. Sababu ninayo, kuisema siwezi. Nikasema basi ngojeni, mimi natangulia nikaangalie kijito. Nikakimbia. Mpango wangu ulikuwa nikifika mbele nitafute kichaka, nijifiche mpaka akina mama wapite, halafu niibuke kama mtu aliyekwenda haja.

Nikafika kwenye kijito, sikuamini macho. Kimejaa, kimepanuka, maji ya matope, na huku kwetu kichaka hakuna, miiba mitupu na majani yaliyolala chini ya maji. Ng'ambo ndiko kwenye vichaka vizuri. Nikafanya haraka. Nikavua viatu, nikavua suruali ile ya kaki nisiiharibu pasi (hapo kweli nastahili kuchekwa), nikaitundika kwenye tawi, chupi wakati ule hatukuwa tunavaa sana, nikalikusanya shati kiunoni nikaingia. Maji yakafika mapajani, yakafika kifuani, na nilipokuwa katikati wimbo ukatokea hapo hapo ng'ambo, nyuma ya mti wa kwanza. Kurudi mbali. Kwenda mbele ndiko anakotoka. Pembeni palikuwa na matete, nikajichomeka ndani yake, nikachuchumaa mpaka maji yakanifika shingoni.

Wakafika. Wimbo ukakatika. "Maji haya hatuvuki," akasema Mama Skolastika, sauti yake hatua chache tu kutoka sikio langu. "Tukae, wanaume wakija watatafuta njia." Wakatua vyombo. Mimi nimefumba macho nisimwone, ruba ameniganda pajani namsikia anavyokunywa, na najiambia watachoka, wataondoka, Mungu ni mkubwa.

Halafu msichana mmoja akauliza, "Ile suruali ng'ambo ni ya nani?"

Sauti nyingine ikasema, "Na viatu. Mtu ameingia majini."

Na Skolastika akasema, polepole, "Ni ya Melkiori. Ndiye pekee mwenye suruali yenye mkunjo hivyo."

Hapo ndipo ningesema nipo. Neno moja tu, nipo. Likakwama. Kila nikifungua mdomo naona picha yangu nikisimama mbele ya yule mama na shati lililolowa, na posa inakufa hapo hapo, na watoto wa Tabora nzima wanaimba habari zangu. Nikasema moyoni ngoja kidogo. Katika hicho kidogo mama mmoja akaweka mikono kichwani akaanza kulia, na wa pili akampokea, na kilio cha wanawake mnakijua, kilivuka msitu wote, wanaume wakaja mbio upande wa pili. Patrisi akaikuta suruali yangu, akaikumbatia, akalia. (Ulilia, Patrisi, usikatae, nilikuwa nakusikia.) Mwalimu Gaudensi akavua kofia, akasema tumwombee marehemu.

Jamani, nilisikia naombewa. Niliitwa mtumishi mwema. Nilisikia kwamba nilikuwa na sauti nzuri ya besi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia nikiwa hai. Na nilizidi kubanwa, kwa sababu sasa nikitoka siyo tu sina suruali, nimewafanya watu wazima kulia bure.

Ndipo nikasikia mguu wa mtu unaingia majini, na sauti ya shangazi yake Skolastika, naye mmoja wa wale mama wa kwaya, "Skola, unakwenda wapi, wewe kuogelea hujui."

"Labda ameshikwa na matete," akasema Skolastika, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. "Niacheni. Labda bado yupo."

Nikafumbua macho. Kati ya majani nikamwona amevua kiatu kimoja, amekwishaingia magotini, na pale mbele yake ndipo penye shimo ambalo maji yake yalinifika kifuani mimi mrefu. Hapo mambo ya posa yakanitoka kichwani, nawaapia. Nikapiga kelele, "Skola, usije. Nipo. Niko hai, niko hapa kwenye matete."

Patrisi ng'ambo alishtuka kama amesikia mzimu, suruali ikamponyoka, ikaanguka majini, nikaiona inapita mbele yangu taratibu, imejaa upepo, inaelekea bwawani. Watu wote wakageuka kuangalia matete. Nikajua hapo ndipo mwisho wangu, kwamba yule mama sasa atasema neno moja, na kesho mshenga ataitwa arudishiwe posa.

Mama Skolastika akageuka. Akanipa mgongo, taratibu, akavuta khanga akajifunika uso, akainama mpaka kwenye ile sufuria ya wali iliyokuwa mbele yake, akaanza kuiambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama yuko nayo jikoni.

"Wewe sufuria, mwambie mkwe wangu asisimame. Akae hapo hapo mpaka sisi wote tumegeukia porini. Kitambaa hiki cha kufunikia chakula nakiweka juu ya kisiki, aje achukue, ajifunge. Na umwambie afanye upesi, tuna njaa, na hatuwezi kula mkwe yuko majini."

Mimi meno yanagongana, nikayaambia matete yaliyo mbele ya pua yangu, "Nyie matete, mwambieni mama nimesikia. Na mwambieni shikamoo."

"Sufuria, mwambie marahaba."

Wanawake wakageuka wote, hata Skolastika, ingawa yeye mabega yalikuwa yanatikisika na sijui mpaka leo kama ni kilio au kicheko (nikimwuliza anasema vyote). Na shangazi yake, akiwa amekipa mgongo kijito, akauliza, "Mama Skola, umesema nani?"

"Nasema na sufuria," akajibu mama. "Wewe yanakuhusu nini?"

Shangazi akapiga kigelegele kimoja kirefu, wenzake wakakipokea, ng'ambo wanaume wanaulizana kuna nini. Patrisi akapaza sauti, "Melki, umesikia alivyokuita?"

Nikamjibu, "Suruali yangu iko wapi?"

Ndivyo nilivyokuwa. Miezi yote nikisubiri jibu, nikishtuka kila mtu akikohoa, na jibu lilipokuja, mbele ya kwaya nzima, mimi nafikiria suruali. Nilikuwa nimekwishajifunga kile kitambaa, cheupe, kimefumwa maua ya waridi pembe zote nne, niko peke yangu nyuma ya kichaka natoa ruba, ndipo maneno ya yule mama yakanirudia masikioni moja moja. Mkwe wangu. Neno mkwe alilisema mara mbili. Nikakaa chini kwenye majani mabichi, nikalia kidogo, na hilo Patrisi halijui, ndiyo leo analisikia.

Baba yake Skolastika alikasirika. Alisema jibu la nyumba yake lilipaswa kutoka kwake, yeye alikuwa bado anafikiri, na sasa sufuria imemtangulia. Lakini neno lilikuwa limesemwa, kwaya nzima mashahidi, na wiki ile ile mshenga akaitwa, akaja stesheni, na safari hii hakuuliza habari za behewa. Nilirudi mjini siku ile nimevaa kitambaa cha meza, nikipitia nyuma ya maduka, na bado mwenye duka mmoja akaniona, akaniita karani, akaniuliza hiyo ni sare mpya ya reli. Hilo nililisikia miaka.

Tangu siku hiyo nimeapa. Sitembei njia inayorudi ilikotoka, na hata nikienda dukani napenda kurudi kwa njia nyingine. Mtu akiniambia tugawanyike makundi mawili, nauliza kwanza kama mahali penyewe ni pa mviringo. Na suruali sivui mpaka nimeuona mlango umefungwa.

Lakini yote hayo hayasaidii. Mama mkwe sasa ni mzee, macho yamepungua, na akija kututembelea hafiki uani moja kwa moja. Anasimama kule njiani, anageukia ukuta, anamwita mtoto wangu yeyote aliye karibu, na kabla ya salamu anamwuliza, "Baba yako amevaa?"